Kukata bima ya gari lenye nguvu ukiwa dereva kijana, hatua kwa hatua

"Nina miaka 21, nimepata gari la tabo, mbona bima yake inakaribia bei ya gari lenyewe?" "Nikiandika jina la baba kwenye fomu, bei si itashuka?" "Injini imeongezwa nguvu kidogo tu, nayo nitaje?" Nimefanya kazi ya uwakala wa bima kwa muda wa kutosha kujua kwamba maswali haya hayaishi, na wanaoyauliza wengi huja wakati gari limeshanunuliwa na hela imeshakwisha. Ndiyo maana nimeamua kuyajibu yote hapa, kwa mpangilio utakaoweza kuufuata ukiwa na kalamu mkononi.

Mwongozo huu ni wako ikiwa una umri wa chini ya miaka 25 hivi, au leseni yako ina mwaka mmoja au miwili tu, na gari unalolitaka lina nguvu kuliko magari ya kawaida: lenye tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu), injini kubwa, la michezo, au lililoongezwa nguvu na fundi. Kanuni ndogondogo hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini njia ya kupita ni ileile.

Kwa nini unatozwa zaidi

Kwa ufupi. Kampuni ya bima haikujui wewe binafsi. Inalijua kundi lako. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, na kwamba wanaume wa chini ya miaka 25 hufa kwa ajali hizo karibu mara tatu zaidi ya wanawake wa umri huo. Weka juu ya hapo gari linalokimbia haraka, lenye vipuri ghali, linalotamaniwa na wezi. Kampuni inajumlisha hatari zote mbili, ya dereva na ya gari, na jumla hiyo ndiyo unayoletewa.

Umri wako huwezi kuubadilisha. Gari, taarifa unazotoa na namna unavyoendesha, hivyo viko mikononi mwako, na kazi yote iliyo hapa chini inahusu hivyo vitatu.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Leseni yako, na tarehe uliyoipata kwa mara ya kwanza. Tarehe ya kuihuisha siyo inayoulizwa.
- Kadi ya usajili wa gari, yenye namba ya chasisi na ya injini.
- Ujazo wa injini na nguvu zake kama zilivyotoka kiwandani, iwe kwa nguvu za farasi au kilowati.
- Orodha ya kila kitu kilichobadilishwa kwenye gari, hata kama alibadilisha mmiliki wa zamani.
- Ajali, faini na madai yako yote ya miaka mitano iliyopita. Kampuni nyingine huuliza miaka mitatu tu, lakini jiandae na mitano.
- Majina na leseni za watu wengine watakaoliendesha.
- Mahali gari linapolala usiku, na kadirio la kilomita utakazotembea kwa mwaka.
- Picha za gari pande zote nne, dashibodi ikionyesha kilomita, na picha ya injini.

Kama gari ni la mkopo, ongeza mkataba wa mkopo. Mkopeshaji karibu kila mara hudai bima kubwa (hatua ya 2 inaieleza), na hudai jina lake liingizwe kwenye hati ya bima ili gari likiharibika kabisa yeye alipwe kwanza.

Hatua ya 1: Uliza bei ya bima kabla hujanunua gari

Kama utaisoma hatua moja tu, isome hii.

Chagua magari matatu au manne unayoyapenda, kisha omba bei ya bima ya kila moja kabla ya kumpa muuzaji hata shilingi ya kishika nafasi. Utashangaa jinsi magari mawili yanayofanana bei sokoni yanavyoachana kwenye bima. Uingereza, kwa mfano, magari yamepangwa kwa miaka mingi katika makundi kuanzia la 1 hadi la 50, na lenye namba ya juu hulipiwa zaidi. Kinachoangaliwa hapo ni nguvu ya injini pamoja na bei ya vipuri, muda wa matengenezo na ulinzi dhidi ya wizi.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui: gari la aina moja huweza kuwa na matoleo yenye injini tofauti kabisa. Sura ni ileile, viti ni vilevile, lakini toleo la injini ya kawaida huweza kulipiwa bima kwa sehemu ndogo tu ya toleo la tabo. Ukianza na hilo dogo, ukaendesha miaka miwili bila dai, mlango wa lile kubwa unakuwa umefunguka. Najua siyo jibu unalotaka kusikia. Nalisema kwa sababu nimeona vijana wakiliegesha gari la ndoto zao nyumbani miezi sita, hawana bima ya kulitoa barabarani.

Hatua ya 2: Chagua aina ya bima

Bima ndogo hulipa madhara unayowasababishia wengine tu. Gari lako likivunjika, ni juu yako. Ya katikati huongeza moto na wizi. Bima kubwa hulipa pia uharibifu wa gari lako hata kama kosa ni lako.

Kijana mwenye gari lenye nguvu hukimbilia bima ndogo akidhani lazima iwe nafuu. Usidhani, uliza zote. Kwenye masoko mengine bima ndogo kwa dereva kijana hukaribia bei ya kubwa, kwa kuwa kampuni zimegundua kwamba madereva wenye hatari zaidi ndio wanaoipendelea. Kama gari lako lina thamani ambayo huwezi kuirudisha kwa akiba yako, chukua kubwa.

Hatua ya 3: Andika dereva halisi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ujanja unaosambaa kuliko wote ni kumwandika mzazi kama dereva mkuu, kisha wewe unaongezwa kama dereva wa mara mojamoja, wakati ukweli ni kwamba gari ni lako na unaliendesha kila siku. Bei hushuka, ndiyo. Siku ya ajali kampuni inatuma mpelelezi wake. Anauliza majirani, anaangalia gari hulala wapi, anapiga simu kazini au chuoni kwako, anaona picha ulizoziweka mtandaoni ukiliita "mnyama wangu". Baada ya hapo dai linakataliwa, hati inafutwa, na jina la mzazi wako linaingia kwenye kumbukumbu kama mtu aliyetoa taarifa za uongo. Nilimsaidia kijana mmoja kupeleka dai la namna hiyo. Gari lilikuwa limekunjamana upande mzima, mama yake ndiye aliyesaini fomu, na tuliporudishiwa barua ya kukataliwa huyo mama hakuuliza habari za gari. Aliuliza kama atapelekwa mahakamani.

Kuna hasara nyingine isiyozungumzwa. Punguzo la kutodai, yaani kushushiwa ada kwa miaka uliyopita bila dai, ambalo ndilo litakalokuokoa miaka ijayo, kwa kawaida hujengeka kwa jina la mwenye bima. Ukijificha nyuma ya mzazi miaka mitatu, siku utakapokata bima yako mwenyewe huenda ukaanza sifuri.

Kinyume chake ni halali kabisa, tena husaidia: wewe uwe dereva mkuu, na mzazi au ndugu mwenye rekodi safi aongezwe kama dereva wa pili, ikiwa kweli atalitumia gari mara kwa mara. Kampuni nyingi hushusha bei kwa sababu sehemu ya safari itakuwa mikononi mwa mtu mzoefu. Jaribu kuomba bei ukiwa naye na bila yeye, ulinganishe.

Hatua ya 4: Taja kila kilichobadilishwa

Programu ya injini iliyochezewa ili kuongeza nguvu, tabo kubwa zaidi, ekzosti, springi za kushusha gari, rimu, breki, vioo vya giza, muziki mkubwa, rangi. Vyote viandike. Usijipe kazi ya kuamua kipi ni kidogo mno. Hiyo ni kazi ya kampuni.

Msingi wa jambo hili ni wa zamani sana. Mwaka 1766 jaji Lord Mansfield wa Uingereza aliamua kwamba anayeomba bima anajua mambo ambayo kampuni haiyajui, hivyo lazima ayaseme kwa uaminifu. Nchi nyingine zimelegeza sheria siku hizi na kukutaka ujibu tu maswali unayoulizwa, lakini fomu za magari huuliza kuhusu mabadiliko karibu zote, kwa hiyo pa kujificha hapapo.

Mabadiliko mengine hayapandishi bei kabisa. Kengele ya wizi na treka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo) huweza hata kuishusha. Lililo hatari zaidi ni kuongeza nguvu ya injini baada ya kukata bima bila kumwambia mtu. Piga simu kabla gari halijaingia gereji, uulize bei mpya, upate jibu kwa maandishi.

Hatua ya 5: Weka thamani sahihi

Vijana hushusha thamani ya gari ili ada ishuke. Angalia hesabu yake. Gari lina thamani ya 100, umelikatia bima ya 70. Linapata ajali yenye hasara ya 40. Kampuni inayotumia kanuni ya uwiano itakulipa asilimia 70 ya hasara hiyo, yaani 28, na 12 zilizobaki unazitafuta mwenyewe, kabla hata hujatoa ekses, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Kuipandisha kupita kiasi nako hakusaidii, maana hati nyingi hulipa thamani ya soko ya siku ya ajali hata kama uliandika zaidi.

Kama gari ni adimu, au umetumia hela nyingi kulirekebisha, omba bima ya thamani ya makubaliano: mtathmini analikagua, mnakubaliana kiasi, na ndicho kitakacholipwa likiharibika kabisa.

Hatua ya 6: Kusanya bei kutoka sehemu nyingi

Zisipungue nne. Tumia taarifa zilezile kila mahali, neno kwa neno, vinginevyo utakuwa unalinganisha vitu visivyofanana. Anza wiki tatu au nne kabla ya siku unayoihitaji bima. Ukisubiri siku ya mwisho utachukua chochote.

Wakala wa kampuni moja atakupa bei za kampuni hiyo. Dalali wa bima anazungumza na kampuni nyingi, na kwa gari lenye nguvu dalali aliyezoea magari ya michezo ana thamani kubwa, kwa sababu kampuni nyingine huwakataa vijana kwa kuangalia umri tu, wakati nyingine zimejenga biashara yao kwenye magari hayohayo. Hakikisha ana leseni ya mamlaka ya bima ya nchi yako. Bei iliyo chini mno kuliko zote, kutoka kwa mtu unayempata kwa ujumbe wa simu tu, mara nyingi ni hati feki.

Hatua ya 7: Shusha bei kwa njia za halali

Ekses ni kile kiasi cha kwanza cha hasara unachobeba mwenyewe. Ukikubali kubeba zaidi, ada hushuka. Lakini soma vizuri: hati nyingi huwa na ekses ya kawaida, kisha nyingine ya nyongeza kwa dereva wa chini ya umri fulani au mwenye leseni changa, na zote mbili hujumlishwa na ile uliyoichagua. Zijumlishe, halafu ujiulize kama unaweza kuzitoa kesho asubuhi. Kama huwezi, umenunua karatasi.

Kifaa cha kurekodi uendeshaji, kinachofungwa kwenye gari au kufanya kazi kupitia simu, ndiyo nafasi bora ya kijana kujitofautisha na kundi lake. Hurekodi mwendo, breki za ghafla, namna unavyokata kona na saa unazoendesha. Kama wewe ni mtulivu, kitakutetea. Kama unajua utakuwa unalijaribu gari saa saba usiku, usikifunge, kwa sababu rekodi mbaya huweza kupandisha ada au kukufutia hati katikati ya mwaka.

Mengine ni mepesi: mafunzo ya ziada ya udereva yanayotambuliwa na kampuni, kuegesha ndani ya geti, kukubali kikomo cha kilomita, na kulipa kwa mkupuo. Malipo ya kila mwezi mara nyingi ni mkopo wenye riba; uliza jumla ya mwaka mzima ndipo ulinganishe.

Hatua ya 8: Isome hati, hasa yasiyolipwa

Kaa chini uisome yote. Tafuta haya: nani anaruhusiwa kuendesha, matumizi yanayoruhusiwa, mashindano, pombe, na funguo. Bima ya matumizi binafsi kwa kawaida haifiki kwenye kubeba abiria au mizigo kwa malipo. Mashindano huwa nje, na hati nyingi hutoa nje hata siku za kujiendeshea kwenye kiwanja cha mbio. Gari likiibwa funguo zikiwa ndani, hati nyingi hazilipi. Na rafiki uliyempa gari "azunguke kidogo tu" huenda hana bima hata chembe.

Hatua ya 9: Lipa na uhakikishe

Lipa kwenye akaunti ya kampuni, wala si ya mtu binafsi. Pokea risiti, stika au cheti na hati kamili. Kagua herufi za jina, namba ya usajili, namba ya chasisi, tarehe na saa ya kuanza. Kama nchi yako ina mfumo wa kuhakiki bima kwa simu au mtandao, hakiki siku hiyohiyo. Usiwashe gari kwenda barabarani kabla bima haijaanza kufanya kazi, hata kwa safari ya kulileta nyumbani kutoka kwa muuzaji.

Hatua ya 10: Linda mwaka wako wa kwanza

Mwaka mmoja bila dai ni mali. Ufaransa mfumo huu uko wazi kuliko sehemu nyingi: kila dereva huanza na kizidisho (namba inayozidishwa na ada) cha 1.00, kila mwaka safi hukishusha kwa asilimia 5 hadi kifike 0.50, na kila ajali yenye kosa lako hukipandisha kwa asilimia 25. Ona tofauti hiyo. Ajali moja inakula kazi ya miaka kadhaa. Hesabu za nchi yako zinaweza kuwa nyingine, ila uzito wa ajali moja ni huohuo.

Mwisho wa mwaka omba barua ya kampuni inayothibitisha kwamba hukudai. Ihifadhi. Bei ya kuhuisha usiikubali kabla ya kurudia hatua ya 6.

Mambo yakikwama

*Kampuni zote zimenikataa.* Uliza sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni moja tu: umri kwa aina hiyo ya gari, mabadiliko ya injini, au faini za mwendo kasi. Nenda kwa dalali wa magari ya michezo, au urudishe injini kwenye hali ya kiwandani ukiwa na ushahidi wa fundi. Baadhi ya nchi zina utaratibu wa kisheria wa kumpatia bima ya lazima dereva aliyekataliwa kila mahali. Waulize mamlaka ya bima.

*Nilishaandika uongo kwenye fomu.* Rekebisha leo, kabla ya ajali. Piga simu, sema taarifa si sahihi na unataka kuzisahihisha. Utaongezewa ada, pengine hati itasitishwa. Bado ni afadhali mara nyingi kuliko kukataliwa siku umemgonga mtu, kwa sababu kampuni inayomlipa majeruhi kwa lazima ya sheria huweza kukugeukia wewe urudishe hela hizo.

*Nimelinunua limeshachezewa na sikujua.* Lipeleke kwa fundi anayeaminika alikague na kuandika ripoti, kisha itume kwa kampuni mara moja. Tarehe ya ripoti ndiyo itakayoonyesha kwamba ulisema ulipojua.

*Nimekwaruza bampa. Nidai au nijilipie?* Toa ekses zote kwenye gharama ya matengenezo, kisha ufikirie punguzo utakalopoteza miaka ijayo. Kinachobaki kikiwa kidogo, jilipie. Lakini toa taarifa ya tukio hata kama hudai, ikiwa hati inataka hivyo, na hasa kama kuna mtu mwingine aliyehusika. Leo anasema yameisha, mwezi ujao analeta barua ya mwanasheria.

*Nimepata ajali kubwa.* Shughulikia majeruhi kwanza. Ita polisi. Piga picha za magari yalipo, barabara, alama za matairi na namba za usajili. Chukua mawasiliano ya mashahidi. Usikiri kosa wala kuahidi malipo hapohapo, na usiruhusu gari kutengenezwa kabla mtathmini hajaliona. Toa taarifa kwa kampuni siku hiyo.

*Dai langu limekataliwa.* Omba barua inayotaja kifungu cha hati kilichotumika. Jibu kwa maandishi ukiambatanisha nakala za fomu uliyojaza, ndiyo sababu nakala yake haitupwi. Usiporidhika na majibu yao, peleka malalamiko kwa msuluhishi wa migogoro ya bima au kwa mamlaka inayosimamia kampuni hizo. Huduma hiyo mara nyingi ni bure kwa mwenye bima, lakini ina muda wa mwisho wa kulalamika unaohesabiwa tangu tarehe ya barua ya kukataliwa, kwa hiyo iandike tarehe hiyo mahali utakapoiona.